Uzi wa Sita

Machakos mjini,
10 Februari 2025

Kwa Mama Ndolo,

Salamu nyingi, na pole tena. Jina langu ni Sumayya Shaaban. Hatujawahi kuongea, lakini labda uliniona siku ya mazishi ya Ndolo. Mimi ndiye niliyesimama karibu na tangi la maji, mwenye mtandio wa kijani, pamoja na mzee wa kofia ya darizi ambaye ni baba yangu. Tulikushika mkono, tukaondoka kabla ya chakula. Ndolo alikuwa ameniambia kwamba mtu akitaka umsikie lazima aongee karibu kabisa na sikio lako la kushoto. Sikuona kama ni vizuri mgeni akupigie kelele sikioni siku kama ile.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Ndolo alisema unasoma kila karatasi inayoingia nyumbani, hata gazeti lililofungiwa nyama.

Mimi na mwanao tulikuwa na kazi pamoja. Tulitengeneza pafyumu. Baba ana duka la manukato hapa mjini, na Ndolo alikuwa akija siku ambazo bendi yake ya roki haina mazoezi. Kazi yetu tuliiita Nyuzi Sita, kwa sababu ya gitaa lake. Kila pafyumu ni uzi mmoja. Tano zilikuwa tayari. Ya sita alikuwa bado anaitafuta homa ya mapafu ilipomshika.

Naomba kitu kimoja. Lile jaketi lake jeusi la jinzi, lenye beji nyingi. Ninayo chupa aliyoacha ikiwa na nusu ya kazi. Nusu nyingine iko upande wa ndani wa kola ya jaketi, kwa sababu ndipo alipokuwa akijaribia. Kama lipo, naomba uniazime kwa wiki mbili.

Na tafadhali, Mama, msilioshe.

Mimi,
Sumayya


Matuu,
17 Februari 2025

Kwa Sumayya,

Barua yako niliipata kwa mkono wa Ngui wa ofisi ya vifurushi pale steji. Alisimama akingoja nifungue, akitaka kujua ni habari gani, nikamwambia aende akauze tiketi.

Nakukumbuka. Mkono wako ulikuwa baridi. Niliuliza baadaye yule msichana ni nani, shangazi yake Ndolo akasema labda ni nesi.

Jaketi lipo, lakini haliko kwangu. Liko kwa Kimanzi, ndugu wa marehemu mume wangu. Hapa kwetu, siku ya nne baada ya mazishi, nguo za marehemu hutolewa nje zikagawiwa walio wake, na hilo lilimwangukia Kimanzi. Nitamwomba. Anaweza kuchelewa kidogo, ni mtu wa shughuli nyingi.

Sikujua kwamba ana kazi ya pafyumu na mtu. Nilijua tu kwamba ananusa. Tangu mdogo alikuwa hivyo. Alinusa chaki, alinusa daftari jipya kabla ya kuandika jina, na viatu vya shule alivilalia. Masikio yangu yaliharibika kwa dawa za malaria yeye akiwa darasa la sita. Tangu hapo radi sikuisikia tena. Mvua ikitaka kuja alikuwa akinusa hewa, anakimbia kutoka shambani, ananiambia sikioni, "Mwaitu, mvua," nasi tunaanua mahindi. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. Siku hizi mahindi yananyeshewa.

Unisamehe kwa hiyo alama ya dole pembeni. Kila jioni napasha mafuta ya mbarika, yale ninayokaanga na kuchemsha mwenyewe, natia tone moja masikioni. Miaka kumi na saba hayajanisaidia, lakini mkono umezoea. Nimetoka kutia sasa hivi, na karatasi imekunywa.

Kwa nini lisioshwe? Nauliza tu.

Mama Ndolo,
Mukai


Machakos mjini,
24 Februari 2025

Mama Ndolo,

Asante kwa kunijibu. Nilisoma ile habari ya mvua mara nyingi. Dole lako halijaharibu neno lolote.

Nitakueleza tangu mwanzo. Miaka miwili iliyopita Ndolo aliingia dukani na gitaa mgongoni akamwuliza Baba, "Mzee, uko na kitu kinanukia kama amplifaya ikianza kuungua?"

Baba akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. Akamjibu, "Kijana, hapa tuna ya kwenda msikitini na tuna ya kwenda harusini. Ya kuitia zima moto hatuna."

Ndolo alicheka mpaka akakaa chini juu ya kreti ya soda. Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Wiki ya tatu Baba akaanza kumfungulia chupa na kumfundisha.

Watu wa roki hapa kwetu si wengi, na wanashikamana kwa sababu hiyo. Wanavaa nyeusi juani, wanajuana kwa majina, mmoja akinunua waya mpya za gitaa wote wanajua. Ndolo alisema kila shoo ina harufu yake, na hiyo harufu ndiyo inayobaki mwilini spika zikizimwa. Vumbi linaloungua juu ya amplifaya. Mbao za jukwaa zilizomwagikiwa soda. Chuma cha waya kilichoshikwa na vidole vyenye jasho. Tuliyatafuta hayo kwa udi, kwa lami ya mti, kwa ganda la ndimu. Wa kwanza kununua walikuwa wapiga gitaa wenzake, kwa mzaha. Sasa tunaandikiwa kutoka Kisumu na Mombasa.

Hakuwa na daftari. Alidondosha kwenye kola, akavaa jaketi, akacheza shoo nzima, halafu akanusa kilichobaki. Kisichovumilia shoo hakina kazi, alisema. Kwa hiyo kola ndiyo daftari lake, na maji yangelifuta. Uzi wa Sita ulikuwa wake peke yake. Hata mimi hakuniambia ameweka nini. Alisema tu, "Hii ni ya nyumbani."

Jumamosi tarehe 3 Mei bendi itamfanyia ukumbusho kwenye ukumbi mmoja kule Syokimau. Nataka chupa sita ziwe mezani. Tano ni kama gitaa lililokatika uzi. Ukiweza, uje.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kunusia. Ni Uzi wa Pili, ule wa amplifaya.

Sumayya


Matuu,
15 Machi 2025

Kwa Sumayya,

Nimechelewa, unisamehe. Kimanzi hakupatikana upesi.

Karatasi yako niliitambua kabla sijamaliza kufungua bahasha. Ndolo aliwahi kuniletea. Ilikuwa Jumapili, nachambua ndengu. Alinishikia puani, akainama, akaniambia kwenye sikio la kushoto, "Mwaitu, huu ni wimbo tuliocheza jana." Nikamwambia unanukia kama gereji. Alicheka, akaitia mfukoni. Baadaye aliniletea nyingine, na nyingine. Nami nikamwambia hii ni dawa ya mbu, hii ni sabuni ya hoteli, hii si mbaya. Nilidhani anataka kujua kama zitauzika. Sikuwahi kumwuliza.

Sasa nimeiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na Zaburi zote zinanukia gereji.

Jaketi nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki, mafundo mawili. Ngui ameahidi kuliweka juu ya vifurushi vingine, lisilaliwe na maembe. Liko vile vile Ndolo alivyoliacha.

Nakuombea kazi yako ifaulu.

Mukai


Machakos mjini,
19 Machi 2025

Mama Ndolo,

Limefika salama. Ni lenyewe. Beji zote zipo, hata kile kifungo cha kahawia alichoshonea uzi mwekundu. Nimelitundika nyuma ya duka ninapofanyia kazi. Asante, na Mzee Kimanzi mpe asante yangu.

Sidhani kama Uzi wa Sita utakuwa tayari kwa Mei. Kuna kazi ambazo hazikamiliki, na si kosa la mtu yeyote.

Nakutakia heri.

Sumayya


Matuu,
30 Machi 2025

Sumayya,

Umeandika kwamba si kosa la mtu yeyote. Mtu haandiki hivyo kama hajaliona kosa.

Nililiosha. Lilikuwa limeshaoshwa kabla barua yako ya kwanza haijafika. Kwetu hatuwezi kumgawia mtu nguo zenye jasho la marehemu. Zinafuliwa kwanza, na mama yake au dada yake, zinaanikwa, ndipo zinagawanywa. Wanawake walitaka kunisaidia nikakataa. Nilitaka nimfulie mara ya mwisho, kama nilivyomfulia yunifomu. Nilianza na jaketi kwa sababu ndilo lililokuwa chafu kuliko zote. Kola ilikuwa na weusi wa mafuta, nikaisugua kwa brashi na sabuni ya unga, mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Nilijivunia, Sumayya. Niliwainulia wanawake nikawaambia tazameni, hata mwenyewe hangelitambua.

Barua yako ilinikuta wiki tatu baadaye.

Halikuwa kwa Kimanzi. Lilikuwa kwangu, kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilisema uongo ili nipate muda wa kulirudisha lilivyokuwa. Nililitundika jikoni juu ya moshi siku kumi. Nikapaka utomvu wa embe kwenye mikono yake, kwa sababu alikuwa akilivaa hata akipanda kuchuma. Halafu nikamwomba Kimanzi alivae akichimba matuta kabla ya mvua, nipate jasho la mtu wa ukoo. Kimanzi ana miaka sitini na miwili na tumbo. Halikufunga mbele. Waliopita njiani walimwita rokstaa, wakamwuliza gitaa liko wapi, naye akawainulia jembe. Alichimba siku mbili za jua kali. Akalirudisha limelowa, akaniambia, "Mukai, kama huyu mtoto alikuwa akivaa hii kitu halafu anaruka nayo, basi alikuwa mwanaume." Hapo tulilia sote wawili, kila mtu akitazama upande wake.

Hakuna kilichobaki chake. Vyote nilivifua. Ile pafyumu ya sita niliimwaga mimi kwenye mtaro wa migomba.

Sina neno lingine.

Mukai


Machakos mjini,
14 Aprili 2025

Mama,

Nimekaa na barua yako mpaka Idi ikapita, kwa sababu nilitaka nijibu kila kitu na nisifiche.

Nilijua pale nilipofungua fundo la pili. Ilikuwa Ramadhani, na pua ya mtu aliyefunga huwa kali. Nilikuta sabuni ya unga, moshi, embe, na jasho la mtu mzima mwenye jembe. Baba alisogea akanusa kola. Akasema, "Huyu mama amefanya kazi kubwa. Usimwambie." Ndiyo maana niliandika vile.

Usiniombe msamaha. Mimi pia nilikuandikia kama mtu wa biashara tu. Hata kama kola isingekuwa na tone la pafyumu, ningeliomba lile jaketi. Mimi na Ndolo tulikuwa tumekubaliana kuoana. Baba alijua tangu Agosti. Alikasirika mwezi mmoja, kisha akaanza kumwuliza Ndolo kama amekula. Tulitaka tuje kwako Desemba. Niliogopa dini itakuwa ukuta. Yeye hakuogopa. Alisema tungoje amalize Uzi wa Sita, akuletee huo kwanza, ndipo aniingize mimi mlangoni. "Mama akinusa hii, hatauliza maswali mengi." Desemba ikaisha bado anatafuta. Januari akaanza kukohoa. Sikukwambia kwenye mazishi kwa sababu nilikuja kama mgeni, na mgeni haongezi mzigo.

Liko jambo lingine, nalo nilidhani unalijua. Hakuwa anataka kujua kama zitauzika. Siku ile ya kwanza, Baba alipomaliza utani wake, alimwuliza harufu ya amplifaya ataivaa nani. Ndolo alijibu, "Si ya kuvaa. Mama yangu hasikii gitaa. Nataka anuse." Wateja na lebo na mengine yote yalikuja baadaye. Zile karatasi alizokuletea ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Na ulipomwambia gereji alirudi dukani akiwa na furaha. Alimwambia Baba, "Amesikia. Amesema ni gereji. Ule wimbo ni gereji kweli."

Nimeiweka kola karibu na chupa yake ya nusu. Mama, moshi wa jikoni kwako umo ndani ya chupa. Utomvu wa embe umo. Ulipodhani unanidanganya ulikuwa unanisaidia. Lakini kuna kitu cha tatu, kizito, kama njugu iliyoungua kidogo, kama utambi wa taa uliozimwa sasa hivi. Alikuwa ameanza tu kukitia, ni kidogo mno, sikijui na Baba hakijui. Hicho kilikuwa kwenye kola. Bila hicho, chupa ni moshi na embe tu.

Nimebaki na wiki tatu. Nitaendelea kutafuta.

Sumayya


Matuu,
23 Aprili 2025

Mwanangu Sumayya,

Nimesoma pale penye gereji mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Miaka miwili kijana aliniimbia, na mimi nikawa namwambia dawa ya mbu.

Ungekuja Desemba ningeshtuka, sikudanganyi. Ningemwuliza Ndolo kanisa litasema nini, na majirani. Kisha ningekutilia chai na kukuchagulia kikombe kisichopasuka. Najijua. Na yeye alinijua.

Kuna uongo mmoja uliobaki, nao ni mkubwa kuliko ule wa jaketi. Niliandika kwamba hakuna kilichobaki chake. Kimebaki. Ni mkanda wa gitaa. Kwa kuwa si nguo, hakuna aliyeukumbuka siku ya kufua wala siku ya kugawa. Ulikuwa ndani ya begi la gitaa chini ya kitanda changu. Ni wa kitambaa cheusi, umechakaa pale unapopita begani, na pale begani ndipo alipo.

Jumapili nikitoka kanisani nafungua begi, navuta pumzi moja, nafunga. Moja tu, ili asiishe. Lakini anaisha. Jumapili ya Matawi nilijisahau nikavuta mbili. Pasaka nilimpata kidogo sana, ilibidi nifumbe macho.

Ndolo aliwahi kunieleza kwamba kitambaa kikiloweshwa kwenye spiriti, harufu yote inahamia kwenye spiriti, na kitambaa kinabaki kitambaa tu. Mkanda huu hapa. Uloweshe. Kama hicho kitu cha tatu kimo, kitoe. Niliogopa kukwambia kwa sababu nilijua utauhitaji, na nilitaka niwe naye peke yangu. Sasa nataka Uzi wa Sita uwepo, kwa kuwa alitaka kuniletea. Jumapili nitatafuta jambo lingine la kufanya.

Syokimau sitakuja. Nitakaa pale nikiona watu wanatikisa vichwa na sitasikia kitu. Wewe uende kwa niaba yangu.

Mama yake,
Mukai


Machakos mjini,
12 Mei 2025

Mama,

Mkanda unarudi mzima. Sikuulowesha.

Kila kitu kilikuwa tayari. Spiriti ilikuwa kwenye bakuli la kioo na Baba ameshika saa. Niliufungua juu ya meza, nikavuta pumzi moja kama wewe. Alikuwepo. Nilitaka kuushusha kwenye bakuli, mkono ukakataa. Baba akafunika bakuli na sahani, akatoka akaenda kusimama mlangoni kama anayengoja wateja.

Kitu cha tatu hakikuwa kwenye mkanda. Nililaza kichwa mezani nikalia, na uso wangu ulikuwa juu ya barua zako nne. Hapo ndipo nilipokikuta. Njugu iliyoungua, utambi uliozimwa. Kilikuwa kwenye karatasi, palepale penye dole lako, na kwenye kila barua. Nilikuwa nacho tangu Februari. Nilikuwa nazisoma, sikuwahi kuzinusa. Nilipomwita Baba alinusa, akakaa. Akasema, "Binti wa muuza manukato ananusa dunia nzima na kusahau barua." Ndiyo kejeli pekee aliyonitupia mwaka huu, na sauti yake ilikatika katikati.

Nilizunguka sokoni siku tatu mpaka nikampata mama mmoja kutoka Kathiani anayekaanga mbarika kama wewe. Nilitia tone, nikangoja, nikatia la pili. La tatu lilikuwa lenyewe.

Tarehe 3 chupa sita zilikuwa mezani. Bendi ilicheza bila gitaa lake; zilipofika sehemu zake, walinyamaza na kuhesabu. Kyalo anayepiga ngoma, mtu mkubwa mwenye ndevu na fuvu kwenye fulana, alinusa zote. Alipofika ya sita akasema, "Hii si roki. Hii ni nyumbani kwa shosho, kwa nyanya yangu." Akaweka chupa chini. Kisha akaiomba tena, akatoka nayo nje, na tulimngoja sana kabla ya wimbo uliofuata.

Kwa nini alitaka mafuta ya mbarika kwenye pafyumu ya roki, nadhani najua. Lakini si mimi wa kukwambia. Chupa yako ni hiyo iliyofungwa kwa pamba. Sijabandika lebo. Ifungue mwenyewe.

Sumayya


Matuu,
20 Mei 2025

Mwanangu Sumayya,

Niliifungua Jumapili baada ya kanisa, saa ile ya mkanda.

Nilidhani nitamnusa yeye. Sikumnusa. Nilipata moshi, nikapata embe, halafu yakaja yale mafuta, na kichwa changu kikageuka chenyewe upande wa kushoto, kama mtu aliyeitwa.

Ni hapo, Sumayya. Ni hapo alipokuwa akiinama. Tangu ana miaka kumi na miwili, kila neno alilotaka nilisikie alilisemea hapa, mdomo wake kwenye sikio langu na pua yake kwenye kitambaa changu cha kichwa chenye moshi. Mvua inakuja. Nimefaulu. Naenda mazoezi, usiningoje. Huu ni wimbo tuliocheza jana. Mimi nilikuwa nikisikia maneno. Yeye alikuwa ananusa mafuta ya sikio. Hayo ndiyo aliyotafuta mpaka Desemba, akayaweka kwenye kola, akaenda kuruka nayo mbele ya watu.

Basi kile nilichosugua mara tatu mpaka maji yakatoka meupe kilikuwa mimi mwenyewe.

Nimelia, lakini si kilio cha Januari. Kimanzi alinikuta hivyo nikamshikia chupa. Alinusa akasema, "Hii ni wewe, Mukai," kama mtu anayetaja jina la ng'ombe wake. Hakushangaa hata kidogo. Kumbe kila mtu anaijua isipokuwa mwenyewe.

Sasa sikiliza. Nguo za marehemu hugawiwa walio wake. Tarehe 22 Januari tuligawa nyuma ya nyumba, na wewe hukuitwa, kwa sababu hatukujua wewe ni nani. Hilo lilikuwa kosa letu na nimelirekebisha. Nimeukata mkanda vipande viwili, Kimanzi akiwa shahidi. Sikuukata kwa upana. Nimeukata kwa urefu, kupita katikati ya bega, ili kila mmoja wetu apate bega. Kingo nimezipindia kwa uzi mweusi zisifumuke. Kipande kilichomo humu ni fungu lako. Jaketi pia ubaki nalo, Kimanzi anasema amekosana nalo.

Mimi nitavuta Jumapili. Wewe vuta Ijumaa. Pumzi moja. Ataisha, najua, lakini ataisha kwa watu wawili.

Ndengu zikikauka mwezi wa saba njoo na baba yako. Kikombe kipo. Ukifika usiogope kunipigia kelele, kaa tu upande wa kushoto.

Na huo mkanda, mwanangu, usiuoshe.

Mama yako,
Mukai